Muswada Ukiwa Bado Austin, Mjini Mambo Yameshaanza

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Texas: kwa ndugu zetu wa Kongo walioko Abilene, kwa Watanzania na Wakenya wa Dallas, Fort Worth na Houston, na moja kwa mzazi aliyeko Mombasa. Wote wanauliza mambo ya ukoo mmoja. Bunge la jimbo likikaa Austin kujadili muswada, serikali ya mji inaguswaje, na mkazi afanye nini kabla gavana hajatia saini?

Mwanangu ni dereva wa teksi za simu Austin. Anasema wananchi wa jiji walipiga kura madereva wachukuliwe alama za vidole, halafu jimbo likaja kuifuta kanuni hiyo. Huku kwetu kaunti zimo kwenye Katiba. Huko imewezekanaje? (Msomaji, Mombasa)

Mzazi wetu, mwanao amekueleza sawasawa. Mei 2016 wapiga kura wa Austin walikataa pendekezo lililoungwa mkono na Uber na Lyft la kuondoa sharti la alama za vidole, na kampuni hizo zikafunga huduma zao jijini. Mei 2017 gavana akatia saini muswada HB 100, ulioondoa usimamizi wa teksi za simu mikononi mwa miji na kuuweka katika idara ya leseni ya jimbo. Kampuni zikarudi. Kura ya jiji ilidumu mwaka mmoja.

Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limetaja kazi za kaunti moja moja, na Bunge haliwezi kuzipokonya kwa sheria ya kawaida. Katiba ya Marekani haina hata neno moja juu ya miji. Madaraka ambayo hayakupewa serikali kuu ni ya majimbo na wananchi, na mji ni kiumbe cha jimbo. Mwaka 1907, katika kesi ya Hunter dhidi ya Pittsburgh, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo laweza kuongeza, kupunguza au kuondoa madaraka ya mji, hata kuunganisha miji miwili bila ridhaa ya wakazi wa mmojawapo.

Texas ina nafuu yake. Tangu marekebisho ya katiba ya jimbo ya 1912, mji wenye watu zaidi ya 5,000 unaweza kujiandikia hati yake ya kujitawala na kufanya lolote ambalo jimbo halijakataza. Ila katiba hiyohiyo inasema hati ya mji wala kanuni zake zisipingane na sheria za jimbo. Mlango uko hapo. Bunge likitaka kukataza, lapaswa kukataza kwa maneno ya wazi yasiyo na shaka, ndiyo maana kesi nyingi za miji huamuliwa kwa kubishana juu ya neno moja la sheria.

Nafanya kazi ya ujenzi Dallas. Msimamizi anasema mapumziko ya dakika kumi ya kunywa maji yalishafutwa na jimbo. Ni kweli? (Fundi, Dallas)

Ndugu yetu, msimamizi wako ameruka hatua kadhaa. Austin mwaka 2010 na Dallas mwaka 2015 zilipitisha kanuni ya dakika 10 za mapumziko kwa kila saa 4 za kazi ya ujenzi. Mwaka 2023 ukapita HB 2127, muswada ambao wapinzani wake waliupa jina la Death Star, silaha kubwa ya kwenye sinema za anga. Kwenye sehemu yake ya kazi unataja mapumziko, lakini haufuti kanuni ya Dallas kwa jina. Unachofanya ni kusema kwamba katika maeneo manane ya sheria za jimbo (kilimo, biashara, fedha, bima, kazi, maliasili, leseni za kazi na mali) mji hauwezi kuweka kanuni isipokuwa sheria ya jimbo imeuruhusu waziwazi.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Sheria ya namna hii haipiti mjini na kufuta kanuni moja baada ya nyingine. Inampa mtu au kampuni iliyoumizwa na kanuni haki ya kuushtaki mji, baada ya kutoa taarifa miezi mitatu kabla. Akishinda, mji unazuiwa kuitumia kanuni ile na unalipa gharama za mawakili. Houston ilikwenda mahakamani Julai 2023, San Antonio na El Paso zikajiunga, na Agosti 30 mwaka ule jaji wa Kaunti ya Travis akasema sheria hiyo inakiuka katiba ya jimbo. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Haikusema kwamba sheria ni nzuri. Ilisema miji haikuwa na msingi wa kufungua kesi ile kwa namna ile. Kwa hiyo sheria ipo, na kila kanuni ya mji itapimwa siku mtu atakapoishtakia.

Ipigie simu ofisi ya jiji inayosimamia utekelezaji wa kanuni, ama piga 311, namba ya huduma za jiji, uulize swali moja: je, mnaendelea kuitekeleza kanuni ya mapumziko ya wajenzi? Usiishie hapo. Sheria ya serikali kuu ya usalama kazini ya 1970 inamtaka kila mwajiri aondoe hatari inayojulikana inayoweza kuua au kudhuru vibaya, na joto kali ni mojawapo. Bunge la Texas haliwezi kuigusa sheria hiyo. Malalamiko yanapelekwa OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini, kwa simu au mtandaoni, na unaweza kuomba jina lako lifichwe. Ukifukuzwa au kupunguziwa saa kwa sababu ya kulalamika, una siku 30 tu za kulalamikia kisasi hicho. Wengi hupoteza haki yao hapo kwa kusubiri mwajiri atulie. Andika tarehe, saa, jotoridi, na jina la aliyekukataza maji, siku ileile.

Ni karani wa fedha katika mji wa watu kama 40,000. Kila tukikaa kwenye bajeti tunasikia bunge litashusha kikomo cha kodi ya majengo kutoka asilimia 3.5. Tupange kwa namba ipi? (Karani, Texas)

Dada yetu, panga kwa namba mbili, na tutakuonyesha kwa nini.

Hadi 2019 mji ungeweza kuongeza mapato ya kodi ya majengo na ardhi kwa ajili ya shughuli za kawaida hadi asilimia 8 kwa mwaka bila kuwaendea wapiga kura moja kwa moja. Muswada SB 2 wa mwaka ule ukashusha hadi 3.5, na ukizidi hapo lazima uitishe kura. Muswada ulipoanza ulisema 2.5, kisha ukapanda hadi 3.5 ukiwa bungeni. Katika vikao maalumu vya 2025 hoja ya kuwabana zaidi wenye mamlaka ya kutoza kodi ilirudi tena, na haikufika mwisho.

Chukua mji unaokusanya dola 20,000,000 za shughuli za kawaida kutoka kwa majengo yaliyokuwapo mwaka jana. Asilimia 8 ni dola 1,600,000. Asilimia 3.5 ni 700,000. Asilimia 2.5 ni 500,000. Sasa mishahara ya polisi na zimamoto iwe dola 14,000,000, na mkataba wao unasema nyongeza ya asilimia 4. Hiyo ni 560,000. Kwa kikomo cha sasa unabaki na 140,000 za mafuta, bima na lami ya mji mzima. Kwa kikomo cha 2.5 una upungufu wa 60,000 hata kabla hujanunua galoni moja ya dizeli. Asilimia moja ambayo kwenye hotuba inasikika kama punje, kwenye daftari lako ni zimamoto wawili watatu.

Kuna mambo matatu ambayo kikomo hakiyagusi, na usipoyatenga hesabu itakudanganya. Majengo mapya ya mwaka huu huhesabiwa nje ya kikomo. Kiwango cha kulipia madeni hupigwa peke yake. Kodi ya mauzo kwa kawaida haimo. Tunaonya hasa juu ya hilo la madeni. Mji unaobanwa upande wa shughuli za kawaida hushawishika kununua kwa mkopo hata magari ambayo zamani ulinunua kwa fedha taslimu, na riba yake humrudia mwananchi yuleyule muswada ulidai kumpunguzia mzigo.

Kalenda ndiyo inayowaumiza makarani. Bunge la Texas hukaa siku 140 kila mwaka wa namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Mwaka 2025 lilimaliza Juni 2. Baada ya bunge kuvunja kikao gavana ana siku 20, kwa hiyo hadi Juni 22 hukujua muswada upi umekuwa sheria. Thamani za majengo zilizothibitishwa unazipata Julai 25. Ukitaka kura ya Novemba lazima uamue Agosti. Miji mingi huanza mwaka wa fedha Oktoba 1. Una wiki chache za kupanga upya kila kitu, na gavana anaweza kuitisha kikao maalumu cha siku 30 katikati ya wiki hizohizo.

Kwa hiyo mwezi Machi tengeneza safu mbili kwenye jedwali lako, sheria iliyopo na muswada ukipita, na chini ya safu ya pili andika kabisa ni nafasi gani za kazi zitaachwa wazi na barabara ipi itasubiri. Usiahidi nyongeza ya mishahara ya miaka mitatu bila kifungu kinachoruhusu kurudi mezani sheria ya kodi ikibadilika. Nafasi zilizo wazi zijaze baada ya Juni. Kisha nenda kwenye vifungu vya mwisho vya muswada usome unaanza kutumika lini. SB 2 ilitiwa saini Juni 2019 lakini ikaanza Januari 1, 2020. Kiangazi kile miji kadhaa, Austin ukiwamo, ikapandisha hadi asilimia 8 kwa mara ya mwisho. Walioishia kwenye kichwa cha habari walidhani mlango umeshafungwa.

Jambo la mwisho kwako. Ofisi ya bajeti ya bunge huambatanisha karatasi ya makadirio ya gharama kwenye miswada mingi, na ndani yake kuna aya ya serikali za mitaa. Mara nyingi aya hiyo husema gharama haiwezi kukadiriwa. Ukiiacha hivyo, mbunge anapiga kura akidhani gharama ni sifuri. Peleka ukurasa mmoja kwa wabunge wako wawili, wa Baraza la Wawakilishi na wa Seneti, wenye hesabu kama ile tuliyoifanya juu, kwa dola za mji wenu na majina ya vituo vyenu vya zimamoto.

Sisi ni kikundi cha wakazi wa Abilene, wengi tumetoka Kivu. Kuna muswada tunataka kuusemea bungeni. Kiingereza chetu si kirefu. Tunaanzia wapi? (Wakazi, Abilene)

Wapendwa, karibuni. Anzeni na namba. HB ni muswada ulioanzia kwa Wawakilishi 150, SB ni wa Maseneta 31. Bila namba mtazungushwa. Iandikeni kwenye tovuti ya bunge la Texas, na mtaona historia yote: kamati iliyopewa, tarehe za vikao, na maandishi.

Maandishi ndiyo penye mtego. Muswada mmoja huwa na matoleo kadhaa: lilivyowasilishwa, lilivyotoka kamatini, lilivyopita baraza la kwanza, na la mwisho linalokwenda kwa gavana. Kamati huweza kulitupa toleo la kwanza zima na kuweka jingine chini ya namba ileile. Watu husafiri usiku kucha wakasimama kupinga kifungu cha 4, wakaambiwa kifungu hicho kilishaondolewa wiki iliyopita. Usiku wa kuamkia safari, fungueni tena toleo jipya. Kama mbadala wa kamati haujawekwa mtandaoni, pigieni simu ofisi ya mbunge mwenye muswada mwuombe.

Taarifa ya kikao cha kamati ya Wawakilishi kwa kawaida hutolewa siku 5 kabla. Seneti inaweza kutoa saa 24 tu. Kutoka Abilene hadi Austin ni zaidi ya maili 200, hivyo kwa muswada wa Seneti dereva na gari viwe tayari kabla tarehe haijatangazwa. Kujiandikisha kama shahidi hufanyika mkiwa kwenye jengo la Bunge lenyewe, kwenye mashine zilizoko kule au kwa mtandao wa jengo. Mtachagua moja: kuunga mkono, kupinga, au kuzungumzia bila upande. Anayetaka kuandikwa tu bila kusema, anaruhusiwa, na jina lake huingia kwenye kumbukumbu.

Mtapewa dakika 2 au 3. Kwa lugha, pigieni karani wa kamati mapema mueleze kuwa mtakuja na mkalimani, na ulizeni kama muda utaongezwa. Mkijibiwa hapana, tayarisheni maneno ya dakika moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Maneno 130 kwa lugha moja yanatosha. Semeni jina, mtaa mnaoishi, namba ya muswada, kisha jambo moja tu lililo mbele ya macho yenu: basi la jiji mnalopanda saa 11 alfajiri kwenda kazini, au zahanati ambayo jiji linaichangia. Msieleze sheria. Wao wanayo. Wasichokuwa nacho ni lile basi.

Msioweza kusafiri, Baraza la Wawakilishi hupokea maoni ya maandishi mtandaoni kutoka kwa wakazi wa Texas kuhusu miswada iliyopangiwa kusikilizwa. Sanduku hilo hufungwa kikao kikiisha, basi msingoje jioni.

Muda nao una ukatili wake. Siku ya 60 ndiyo mwisho wa kuwasilisha miswada mingi, na siku ya 122, katikati ya Mei, ni ya mwisho kwa HB kusomwa mara ya pili kwa Wawakilishi. Usiku ule miswada hufa kwa mamia saa inapogonga sita. Msisherehekee mapema mkiona wenu umekufa, kwani maneno yake yaweza kubandikwa kama marekebisho kwenye SB inayofanana nayo na kuendelea na safari. Tafuteni maneno, msitafute namba peke yake, hadi siku ya 140.

Na kama mngetuuliza ni wakati gani sauti yenu ina uzito zaidi, tungesema Oktoba hadi Desemba kabla ya bunge, hapo nyumbani. Miji mingi hupitisha orodha ya mambo itakayotetea Austin, kwenye kikao cha wazi cha baraza la mji. Ukumbi huwa na watu kumi. Nusu saa ya safari inawaweka ndani ya orodha hiyo, na kisha mwakilishi wa mji analisema jambo lenu kwa siku zote 140.

Nina nusu ekari yenye duka Fort Worth. Niliomba kibali cha kujenga nyumba za kupanga, jiji likanijibu eneo ni la biashara tu. Sasa nasikia sheria imebadilika. Nianze upya? (Mwenye duka)

Kaka, usianze upya kabla hujasoma hili. SB 840, iliyoanza Septemba 1, 2025, inailazimisha miji yenye watu zaidi ya 150,000 iliyoko kwenye kaunti zenye zaidi ya 300,000 iruhusu majengo ya makazi ya nyumba nyingi kwenye maeneo ya ofisi, maduka na maghala. Fort Worth imo. Jiji haliwezi kukubana chini ya nyumba 36 kwa ekari, kwa hiyo nusu ekari yako inahesabika kuwa 18, na haliwezi kudai zaidi ya egesho moja kwa kila nyumba. Kiwanja kilicho karibu na kiwanda kizito, uwanja wa ndege au kambi ya jeshi kinaweza kutolewa nje ya sheria hii. Pima hilo kwanza.

Kuhusu ombi la zamani, Sura ya 245 ya sheria za serikali za mitaa za Texas inasema mradi unahukumiwa kwa kanuni zilizokuwapo siku ya ombi la kwanza. Ngao hiyo iliwekwa ili jiji lisikubadilishie masharti katikati. Lakini sura hiyohiyo inakuruhusu kuchukua mabadiliko mapya yanayokufaa bila kupoteza ulinzi wa yale ya zamani. Andika barua kwa ofisi ya mipango, taja SB 840 na Sura ya 245, na omba jibu la maandishi. Angalia pia ombi lako lisiwe limeshakufa: jiji likikutaarifu kuwa nyaraka zimepungua nawe usizilete, ombi linaweza kuisha siku ya 45.

Tunaongeza tahadhari moja. Katika wiki za kabla ya Septemba 1 baadhi ya miji ilikimbilia kurekebisha kanuni za urefu na mpangilio wa majengo. Omba nakala ya kanuni ya ukanda wako kama ilivyo leo, usitumie ile uliyoprintiwa mwaka juzi.

Shamba letu liko nje ya mpaka wa mji lakini mji unatudai vibali. Tunaweza kujitoa? (Familia, karibu na Houston)

Mnaweza kujaribu. Tangu SB 2038 ya 2023, walio kwenye ukanda wa nje ambao mji una usemi juu yake wanaweza kuomba kuachiliwa, kwa sahihi za zaidi ya nusu ya wapiga kura wa eneo hilo au za wamiliki wa zaidi ya nusu ya thamani ya ardhi. Ambatanisheni ramani na maelezo ya mipaka ya kiwanja yaliyoandikwa na mpimaji. Maombi mengi hukwamia hapo. Yapelekeni kwa katibu wa mji, mdai muhuri wa tarehe. Mji ukikaa kimya hadi muda wa kisheria upite, kwa kawaida siku 45, ardhi inaachiliwa kwa nguvu ya sheria. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni nani anawaletea maji na maji taka. Kama ni mji huohuo, pateni kwa maandishi kwamba huduma itaendelea.